VOLTI 12 HAIUI MTU, LAKINI INAWEZA KUCHOMA BATO
(Namna ya kufunga treyi ya umeme kwenye batri bila hatari)



Wengi kati yetu tunatoka kando ya Ziwa Tanganyika. Tunajua kazi ya kuvuta bato inchi kavu wakati upepo wa kusini unapiga. Watu kumi au kumi na wawili wanashika kamba, wanaimba, wanavuta, na mara nyingine mmoja anavunjika mguu juu ya magogo. Tangu mwaka wa 2024, wakati maji ya ziwa yalipanda na kuingia ndani ya nyumba za watu kule Uvira na Kalemie, wenye mabato wengi wanafikiri namna ya kuvuta vyombo vyao mbali zaidi na upesi zaidi. Ndiyo maana wengine wanatafuta treyi ya umeme. Treyi ni ile mashine yenye ngoma ndogo inayozunguka na kukunja kamba ya chuma. Wanaifunga mbele ya bato, ncha ya kamba wanaifunga kwenye mti, wanabonyeza buto, na bato inapanda yenyewe juu ya magogo.

Ni kitu kizuri sana. Lakini ninaandika juu ya kuwaambia jambo nililoona kwa macho yangu wakati wa likizo kubwa, ili lisifike kwenu.

JAMBO LILILOTUPATA

Baba yangu mdogo ana bato ya mbao yenye moteri ya esansi. Aliweka pesa ya samaki kwa miaka miwili, akanunua treyi ya volti 12. Batri alikuwa nayo tayari, nyuma ya bato, karibu na moteri na bidoni za esansi. Treyi aliifunga mbele. Kati ya batri na treyi kulikuwa meta 6. Akachukua waya wa nyumba, ule wa milimeta 2,5 za mraba, uliobaki wakati wa kujenga. Kwa kuwasha akatia enteriptere ya taa ya nyumba. Fizibli hakuweka.

Mimi niko mwaka wa tano, sekisio ya umeme. Nilimwuliza: «Baba mdogo, huu waya si mwembamba?» Akacheka, akageuza ile enteriptere akanionyesha maandiko ya nyuma. «Wewe unasoma, basi soma hapa. Imeandikwa volti 250. Batri yangu ni volti 12 tu. Hata ukishika kwa mikono miwili haikufanyi kitu. Volti 12 haiui mtu!»

Nilinyamaza, sababu sikujua namna ya kujibu. Na hiyo ndiyo haya yangu mpaka leo, maana jibu lilikuwa ndani ya daftari yangu ya fizike.

Tulianza kuvuta. Bato ilitoka majini nusu, kisha treyi ikaanza kuchoka, ikazunguka polepole. Baba mdogo akaendelea kubonyeza. Kwanza tulisikia harufu ya plastiki. Kisha tukaona moshi inatoka katikati ya bato, kwa urefu wote wa waya. Baba mdogo akafungua enteriptere, lakini treyi haikusimama: vyuma vya ndani vilikuwa vimeyeyuka na kushikana. Ndugu yangu, mwana wa baba mdogo, akaruka akashika waya ili aung'oe. Plastiki iliyoyeyuka ikashikamana na kiganja chake. Wakati ule waya mbili zikagusana, na cheche zikatoka, umbali wa hatua mbili tu na bidoni za esansi. Jirani mmoja akarusha bidoni majini, mwingine akachukua kle na kufungua batri. Moto haukuwaka. Lakini ndugu yangu alianza mwaka wa masomo na mkono uliofungwa, na mpaka mwezi wa kumi na moja mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia masomo yake.

Basi, kosa lilikuwa wapi? Tuangalie pamoja.

1. VOLTI NI NINI, NA AMPERE NI NINI

Fikirini maji ya robine yanayotoka mlimani. Kimo cha tanki ni sawa na volti: ndicho kinachosukuma. Wingi wa maji yanayopita katika tuyo kila sekunde ni sawa na ampere. Tuyo nyembamba inazuia maji, na hiyo inaitwa rezistansi.

Volti 12 ni kimo kidogo. Ni kweli, haiwezi kusukuma umeme wa kutosha ndani ya ngozi kavu ya mtu. Pale baba mdogo alisema ukweli. Lakini kinachopasha waya moto si volti, ni ampere. Tena si ampere moja kwa moja: ni ampere mara ampere, mara rezistansi. Ndiyo ile sheria ya Joule tunayoandika ubaoni. Ukizidisha ampere mara mbili, moto unazidi mara nne. Ukizidisha mara kumi, moto unazidi mara mia.

Sasa treyi inakula ampere ngapi? Taa moja ya LED ya wati 6 juu ya batri ya volti 12 inakula nusu ya ampere. Treyi ya baba mdogo, wakati wa kuvuta uzito wake wote, inakula ampere 80. Ni sawa na taa 160 kwa mara moja! Kwenye enteriptere ile, pembeni ya «250 V», kulikuwa na maandiko mengine ambayo baba mdogo hakuyasoma: «10 A». Ampere 10 tu. Alisoma namba moja, akaacha ile ya pili.

2. HESABU YA WAYA

Hesabu hii ni rahisi, kila mmoja anaweza kuifanya. Waya wa shaba wenye urefu wa meta 1 na unene wa milimeta 1 ya mraba una rezistansi ya om 0,0175. Unazidisha kwa urefu, unagawanya kwa unene.

Lakini angalieni mtego. Kati ya batri na treyi kulikuwa meta 6. Umeme unakwenda na kurudi, basi urefu wa waya ni meta 12, si 6. Watu wengi wanasahau safari ya kurudi.

Waya wa 2,5 : 0,0175 × 12 : 2,5 = om 0,084.
Volti zinazopotea njiani: 80 × 0,084 = volti 6,7.
Moto ndani ya waya: 80 × 80 × 0,084 = wati 538.

Muone! Zaidi ya nusu ya nguvu ya batri ilibaki ndani ya waya. Treyi ilipata volti 5 tu na kidogo, ndiyo sababu ilizunguka polepole. Na wati 538 ni kama resho ndogo ya kupikia tuliyoilaza ndani ya bato ya mbao, karibu na esansi. Nyumbani waya ule si mbaya, maana unalindwa na fizibli ya ampere 16 au 20. Sisi tuliupitishia 80.

Tena mujue tabia ya moteri ya treyi. Kadiri mzigo unavyokuwa mzito, ndivyo inavyokula ampere nyingi. Bato ikikwama juu ya jiwe na ngoma ikasimama, pale ndipo inapokula zaidi kuliko wakati wote. Kwa hiyo treyi ikishindwa, usiendelee kubonyeza kwa hasira. Acha, ondoa jiwe, kisha anza tena.

3. DAWA YA KWANZA: WAYA MNENE NA MFUPI

Tuliporudi kufanya kazi upya, nilikaa na baba mdogo juu ya gogo, na daftari mkononi. Kwa meta 12, kable ya milimeta 25 za mraba inapoteza volti 0,7 tu. Akauliza bei ya meta 12 za kable ile, akashika kichwa.

Ndipo tukaona njia nyingine: si kuleta kable ndefu kwa batri, ni kupeleka batri karibu na treyi. Tuliihamisha batri mbele. Sasa kati ya batri na treyi ni meta 1 na nusu, yaani meta 3 kwenda na kurudi:

0,0175 × 3 : 25 = om 0,0021.
Volti zinazopotea: 0,17. Moto: wati 13 tu.

Kutoka wati 538 mpaka wati 13! Na kwa kuhamisha, batri imekwenda mbali na bidoni za esansi. Faida mbili kwa bei moja.

Kable nzuri ni ile yenye nyuzi nyingi nyembamba ndani, sawa vile kable ya mashine ya sudire. Inajikunja bila kuvunjika wakati bato inatikisika. Waya wenye uzi mmoja mgumu si wa bato.

Kwenye ncha, musikunjekunje waya na kufunika kwa skochi. Tia kose ya shaba yenye kipimo cha kable, ibanwe na pensi kubwa ya garaje, kisha ikazwe kwa bulo. Mahali palipolegea ni sawa na tuyo iliyozibwa: pana rezistansi, na rezistansi inaleta moto. Pale kable inapopita ndani ya tundu la mbao au la chuma, weka kipande cha mpira ili isikwaruzwe.

4. DAWA YA PILI: FIZIBLI KARIBU NA BATRI

Watu wanafikiri fizibli inalinda treyi. Hapana. Fizibli inalinda waya.

Batri nzuri ya volti 12, ncha zake mbili zikigusanishwa na chuma, inaweza kutoa ampere zaidi ya elfu moja kwa kitambo kidogo. Kle iliyoanguka juu ya ncha mbili inaweza kuwa nyekundu, na batri inaweza kupasuka. Fizibli haiwezi kukata umeme wa kle iliyoanguka juu ya ncha zenyewe, lakini waya zikigusana njiani, ndiyo inayokata umeme upesi.

Inawekwa wapi? Upande wa plis (+), karibu kabisa na batri, umbali wa kiganja kimoja. Ukiiweka kule kwenye treyi, waya wote ulio kati ya batri na fizibli hauna mlinzi. Ukijeruhiwa katikati ya njia, utawaka, na fizibli yako itakuwa inatazama tu.

Ya ampere ngapi? Iwe juu kidogo ya ampere za treyi, lakini chini ya zile kable inaweza kubeba. Kwa treyi ya ampere 80 na kable ya 25, sisi tuliweka ya 100. Ninyi someni kwanza karatasi au kibati cha treyi yenu, maana kila moja iko na namba yake. Na fizibli ikikatika, usitie kipande cha waya wala karatasi ya sigara mahali pake. Imekatika sababu imeona hatari. Tafuta hatari ile.

Pembeni ya fizibli weka vilevile kupe-batri, ile swichi kubwa ya kukata umeme wote kwa mkono mmoja. Iwe mahali ambapo hata mtoto anaweza kuifikia. Siku ile, kama tungekuwa nayo, ndugu yangu asingeshika waya.

5. DAWA YA TATU: RELE

Mkono wako hauwezi kuwasha ampere 80 kwa buto ndogo. Kazi hii ni ya rele. Rele ni enteriptere kubwa inayofungwa na sumaku. Buto ndogo inapeleka ampere chache tu kwenye sumaku, sumaku inavuta chuma kinene, na chuma kile ndicho kinachopitisha umeme mkubwa. Treyi nyingi zinauzwa na rele zake ndani ya kisanduku. Musizitoe kwa kusema ni vitu vya bure.

Kwa njia hii, kable nene zinabaki fupi kati ya batri, rele na treyi. Waya mwembamba wa buto unaweza kuwa mrefu, ili mwenye kubonyeza asimame mbali na kamba ya chuma. Lakini waya ule mwembamba nao uwe na fizibli yake ndogo, ya ampere 5 kwa mfano. Rele inatoa cheche ndogo kila mara inapofunga na kufungua. Kwa hiyo isiwekwe mahali pa esansi.

6. MASI YA BATO SI MASI YA GARI

Mafundi wa garaje wamezoea kurudisha umeme kwa njia ya chuma cha gari, wanaita masi (−). Waya mmoja wa plis unatosha, chuma chote kinafanya kazi ya ule wa pili. Kwenye bato ya chuma musifanye hivyo. Umeme unaopotea kupitia chuma na maji unakula chuma kile, mpaka kinatoboka. Kable ya kurudi iwe nene sawa na ile ya kwenda, ifunikwe na plastiki, na ifike moja kwa moja kwenye masi ya batri.

7. HEWA YA JUU NA HEWA YA CHINI

Batri ya asidi inapochajiwa inatoa hewa ya idrojeni. Ikifika sehemu 4 tu katika 100 za hewa, cheche moja inatosha kuilipusha. Idrojeni ni nyepesi, inapanda. Basi sanduku la batri liwe na matundu upande wa juu.

Mvuke wa esansi ni kinyume: ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala chini kabisa ndani ya bato, hata kama humwoni mtu aliyemwaga. Mbele ya kugusa umeme, fungua, acha upepo upite, nusa chini. Ukisikia harufu ya esansi, usibonyeze kitu.

8. NAMNA YA KUFUNGA NA KUFUNGUA

a) Toa saa na pete. Chuma kwenye mkono kikigusa plis na masi kinachoma mpaka mfupa.
b) Funga batri kwanza ndani ya sanduku lake na mikanda, isiruke wakati wa mawimbi.
c) Funga kable zote upande wa treyi na rele, kupe-batri ikiwa imekatwa.
d) Kwenye batri, anza na plis, umalize na masi.
e) Wakati wa kufungua, anza na masi, umalize na plis. Hivyo kle ikigusa chuma kingine haitaleta cheche.
f) Tia alama nyekundu kwenye plis. Funika ncha zote mbili kwa mpira.
g) Asidi ikigusa ngozi au jicho, osha kwa maji safi mengi sana, kisha nenda kwa daktari.

Kisha jaribu. Vuta bila mzigo kwanza. Halafu vuta na mzigo kwa dakika moja, kata umeme, pitisha mkono polepole juu ya kable na kila kose. Vuguvugu si neno. Mahali ambapo mkono hauwezi kukaa, pana kosa: kose imelegea, au kable ni nyembamba.

Mtu atauliza: batri haitakufa upesi? Hesabu tena. Ampere 80 kwa dakika 3 ni ampere-saa 4 tu. Batri ya ampere-saa 100 inazibeba vizuri, na pano ndogo ya jua inayotoa ampere 3 inazirudisha kwa saa moja na nusu hivi au mbili za jua kali. Lakini usiishushe chini ya nusu, na uipumzishe treyi kati ya mvuto na mvuto, maana moteri yake haikufanywa kwa kazi ya kutwa nzima.

MWISHO

Leo bato ya baba mdogo inapanda kwa dakika tatu. Watu wawili wanatosha: mmoja kwenye buto, mwingine wa kutazama magogo na kufukuza watoto wasikaribie kamba. Siku ya kwanza baada ya kazi yetu alinipa ile enteriptere iliyoungua. Nimeileta hapa masomoni, iko juu ya meza ya labo. Mukipita, muigeuze na kuitazama kwa nyuma. Maandiko bado yanasomeka: 10 A – 250 V.

Wandugu, siku hizi umeme wa batri unaingia kila mahali: taa za wavuvi, mashine za kunyoa, redio, pompi za maji. Wazee wetu wanatuuliza: «Wewe unasoma, sema.» Tusinyamaze sawa vile mimi nilinyamaza. Tukiona mtu anasoma volti tu, tumwonyeshe kwa heshima namba ya pili: «Baba, na ampere je?»

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa mwaka wa tano, sekisio ya umeme